Banda la Kuku la Kuingia Wima

Kuku wa nyumbani katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hulala popote palipopatikana: jikoni karibu na mafiga, chini ya ghala la mahindi, ndani ya tenga lililofunikwa gunia, juu ya mwembe, au katika kizimba cha mabanzi kinachomfika mtu kiunoni. Anayeanza kufuga kuku kumi au ishirini uani mara nyingi hujenga kizimba hicho, kwa sababu mbao zake ni chache na fundi hukimaliza kwa siku moja. Ubaya wake huonekana baadaye. Anayetaka kukisafisha lazima apige magoti, apenyeze kichwa na fagio kwenye kilango chembamba, akwangue kinyesi huku amebana pumzi. Kazi ya namna hiyo huachiwa watoto, kisha hufanywa mara moja kwa mwezi, kisha haifanywi tena. Mayai ya kona ya mbali huoza, kuku anayeanza kuugua haonekani mpaka ashindwe kutoka, na siku ya chanjo nusu ya kundi hutoroka kabla halijashikwa.

Banda la kuingia wima ni lile ambalo mtu mzima huingia akiwa amesimama, akafunga mlango nyuma yake, akafanya kila kazi bila kukunja mgongo. Halilazimiki kuwa kubwa. Kinachoongezeka ni kimo, na kimo ni rahisi kukinunua kuliko sakafu au paa: nguzo zikirefushwa kwa mita moja gharama hupanda kidogo, ilhali usafi, uokotaji wa mayai, chanjo na ukaguzi wa usiku vyote huwa vyepesi. Kuku nao hufaidika, kwa kuwa joto na mvuke hupanda juu na kutoka badala ya kuwazunguka vichwani. Vipimo vingine vya banda huwahusu kuku. Kimo humhusu anayelisafisha, na banda lisilosafishika haliokolewi na vipimo vingine vyote.

Ukubwa wa sakafu hutokana na idadi ya kuku na muda wanaokaa ndani. Kuku wakubwa wa kienyeji, au machotara kama Sasso na Kuroiler, wakishinda ndani kutwa wasizidi 4 au 5 kwa mita moja ya mraba. Wanaofunguliwa asubuhi na kurudi jioni wanaweza kufika 6 au 7, maana kwao banda ni mahali pa kulala na kutagia tu. Hesabu ifanywe kwa kundi linalotarajiwa mwakani. Matetea watatu wakiatamia na kuangua vizuri, kundi la kuku ishirini hujaa haraka, na msongamano ndio huanzisha kudonoana, kula mayai na maambukizi ya kila aina.

Mfano wa kufuatwa hapa ni banda la mita 3 kwa 2, yaani mita 6 za mraba, kwa matetea 20 na majogoo 2. Ni kundi linaloweza kulishwa kwa mabaki ya jikoni, pumba na nyongeza ya chakula cha dukani, na uwanja wa nyumba ya kawaida hulimudu. Mjini ni vyema kuuliza kwanza ofisi ya serikali ya mtaa kuhusu taratibu za ufugaji, kabla ya kununua hata msumari mmoja.

Mahali pa kujenga huonekana vizuri zaidi baada ya mvua kubwa kuliko wakati wa kiangazi, maana mvua ndiyo huonyesha maji yanaposimama. Banda likae mwinukoni, umbali ambao harufu haifiki chumbani lakini kelele za kuku usiku zinasikika. Kivuli cha mti kinafaa sana, ila tawi lisiguse paa. Panya, kanu na nyoka hulitumia kama daraja. Karibu na ikweta jua hupiga kwa mlalo asubuhi upande wa mashariki na alasiri upande wa magharibi, kwa hiyo urefu wa banda huelekezwa mashariki–magharibi. Kuta mbili fupi hulipokea jua hilo, na kuta ndefu zenye nafasi za hewa hutazama kaskazini na kusini. Mwambao hupata faida ya pili kwa mpangilio huu: kaskazi ikivuma, na kusi ikigeuka baadaye, upepo huingia kwa ukuta mrefu mmoja na kutokea kwa wa pili.

Nguzo sita za mirunda zinatosha, nne za pembe na mbili za katikati ya kuta ndefu, zikichimbiwa sm 60. Sehemu inayozikwa hupakwa oili chafu ili mchwa wachelewe, ikaachwa ikauke kabla ya kusimamishwa. Kati ya nguzo hupita msingi wa mawe au tofali unaoinuka sm 30 juu ya ardhi. Sakafu ya udongo ulioshindiliwa ni rahisi, na wengi huanza nayo, lakini panya huichimba, mabuu ya viroboto hujificha katika vumbi lake, na dawa ya kuua vijidudu haiwezi kuitakasa. Zege la unene wa sm 6 hudumu miaka mingi. Kwa sakafu ya mita 6 za mraba mifuko 2 ya saruji ya kilo 50 inatosha ikichanganywa kwa kipimo cha ndoo 1 ya saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto. Mteremko wa sm 4 kuelekea mlangoni hutoa maji siku ya kuosha.

Kuta fupi za mashariki na magharibi hujengwa nzima hadi juu. Kuta ndefu huishia sm 60, na kutoka hapo hadi karibu na paa ni wavu. Hapo ndipo mafundi wengi husita, wakidhani kuku watapigwa na baridi. Katika joto la Dodoma, Tanga au Mombasa hatari iko upande wa pili. Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni takriban nyuzi 41, na hewa ikipita nyuzi 30 huanza kuhema kwa mdomo wazi na kutanua mabawa ili apoe. Banda lililozibwa huku na huku humtesa mchana na kumlisha mvuke wa kinyesi chake usiku.

Nyanda za juu zina sharti lao. Njombe, Makete, Limuru au Kinangop ukuta imara unaweza kupandishwa hadi mita 1.2 au zaidi, na juu yake likawekwa pazia la viroba vilivyoshonwa pamoja. Pazia hilo lifungwe chini na kuvutwa kwenda juu, ili likifungwa na kuacha upenyo, upenyo uwe juu. Likining'inizwa kutoka juu kama pazia la dirishani, upenyo hubaki chini na ubaridi huwapiga kuku wakiwa wamelala. Kuku mkavu aliyelala nje ya mkondo wa upepo huvumilia baridi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kinachomdhuru ni ubaridi unaoambatana na unyevu.

Wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita, ule wa nyaya nyembamba unaouzwa kwa mita katika kila duka la vifaa vya ujenzi, huzuia kuku kutoka. Kuzuia adui kuingia ni jambo jingine. Mbwa au fungo huuchana kwa meno na kucha, panya na nyoka hupita katika tundu la inchi moja, na nguchiro hutafuta ukingo uliolegea akausukuma kwa kichwa. Wavu wa nyaya nzito zilizochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, ni ghali zaidi, na ndio mahali ambapo fedha isibanwe. Mwenye bajeti ndogo ni afadhali apandishe ukuta wa udongo hadi mita moja na kutumia wavu mzuri mchache juu yake, kuliko kuacha eneo kubwa likiwa na wavu dhaifu.

Namna ya kuufunga ni muhimu kama wavu wenyewe. Misumari midogo iliyopindwa hutoka kwa msukumo mmoja. Wavu ubanwe kwa misumari ya umbo la U kila baada ya sm 10, kisha juu ya ukingo upigwe ubao mwembamba unaouziba kabisa. Pale ambapo ukuta hauna msingi wa mawe, kipande kingine cha wavu chenye upana wa sm 40 hulazwa nje ya banda, kikashikizwa kwenye ukuta na kufunikwa kwa udongo. Kicheche huanza kuchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi. Akifika kwenye waya huhama hatua chache na kuanza upya, bila kujua kwamba angerudi nyuma nusu mita angefaulu.

Mchana maadui ni wengine. Mwewe na kipanga huchukua vifaranga uani, na mwambao wa Afrika Mashariki una adha ya ziada ya kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Wamesambaa hadi Dar es Salaam na Mombasa, na hula mayai na vifaranga waziwazi mbele ya watu. Tetea mwenye vifaranga afungiwe kwenye sehemu iliyofunikwa wavu juu hadi wafikishe umri wa wiki sita hivi. Siafu nao hawazuiliki kwa wavu wowote. Kundi lao likipita usiku huua vifaranga na hata tetea anayeatamia, kwa kuwa hakubali kuyaacha mayai. Kufyeka nyasi mita moja kuzunguka banda na kumwaga majivu mazito husaidia, lakini siku wanapofika, msaada wa kweli ni mtu kuzinduka kwa kelele za kuku na kuwafungulia wakimbie. Ndiyo sababu banda halipelekwi mbali sana na nyumba.

Mlango wa mtu huwekwa kwenye ukuta mfupi wa mashariki. Kimo chake kiwe mita 1.8 au zaidi, na upana sm 90, kwa sababu toroli lazima lipite. Ufunguke kwa nje. Unaofunguka kwa ndani hukwama kwenye matandiko yakishakuwa mazito. Kuku wasitoke mbio na matandiko yasimwagike, chini ya mlango huwekwa kizingiti cha ubao wa sm 25 kinachochomekwa katika mifereji miwili ya mbao. Siku ya kutoa mbolea ubao huo huchomolewa na kila kitu hutolewa kwa reki moja kwa moja hadi kwenye toroli. Komeo liwe la kufungulika pande zote mbili. Ni jambo dogo linalosahaulika, mpaka upepo umfungie mtu ndani ya banda na ndoo yake ya mayai. Kwa ajili ya wezi, bawaba zipigwe kwa misumari inayokunjwa upande wa ndani, na kufuli liwe mahali ambapo mkono uliopita kwenye wavu hauwezi kulifikia.

Kuku wapewe kilango chao, sm 30 kwa 35, kwenye ukuta wa kaskazini au wa kusini, chenye kifuniko kinachoteleza kwenda juu. Mlango mkubwa hubaki umefungwa, na jioni kazi inakuwa kushusha kifuniko tu baada ya kuhesabu vichwa.

Paa la mteremko mmoja linatosha kwa banda la upana huu. Upande wa juu uwe na kimo cha mita 2.4 na wa chini mita 2, ule wa chini ukielekea mvua inakotoka. Kwa mteremko huo bati la mita 3 huvuka banda na kutokeza karibu sm 45 mbele na nyuma, na bati 5 zikipandishana kwa kufunika sm 75 kila moja hutokeza zaidi ya sm 35 kila ubavu. Utokezo huo ndio unaokinga wavu dhidi ya mvua ya kishindo. Ukipunguzwa ili kuokoa bati moja, matandiko hulowa kila masika. Kati ya kichwa cha ukuta na bati iachwe nafasi ya sm 20 yenye wavu, hewa ya moto itokee hapo.

Makuti hupoa kuliko bati, na pwani yanapatikana, lakini papasi, panya na nyoka huyapenda, na hayawezi kupigwa dawa sawasawa. Bati likipakwa rangi nyeupe juu hupunguza joto bila kuleta wageni hao. Mfereji wa maji chini ya ukingo wa paa ni nyongeza yenye faida mbili: huzuia ardhi kuliwa karibu na msingi, na maji yake hujaza pipa la kuoshea vyombo. Pipa hilo lifunikwe. Mbu huzaana katika maji yaliyotuama, na mbu ni miongoni mwa waenezao ndui ya kuku.

Ndani, mpangilio huanza kwa fito za kulalia. Zikae upande wa magharibi, nyuma ya ukuta mzima, ambako upepo hauwapigi migongoni. Kila kuku apate sm 20, kwa hiyo fito tatu za mita 2 zinawatosha kuku 22 na nafasi hubaki. Ufito wa kwanza uwe sm 35 kutoka ukutani, nyingine zifuate kwa umbali uleule, kwenye kimo cha sm 70 hadi 80. Upana wa sm 5 wenye kingo zilizolainishwa humwezesha kuku kukaa na kufunika vidole vyake kwa manyoya. Zote ziwe kwenye kimo kimoja. Fito za ngazi huvutia macho, lakini kuku wote hutaka ile ya juu kabisa. Wakubwa hushinda, wadogo husukumwa, na kila jioni kuna ugomvi. Fito zisipigiliwe. Zikae katika mapengo yaliyochongwa kwenye mbao mbili za pembeni, ziweze kuinuliwa na kutolewa nje juani.

Sehemu kubwa ya kinyesi hudondoka usiku, chini ya fito. Eneo hilo likizungushiwa ubao wa sm 30 na kufunikwa wavu ambao kuku hawawezi kuuparua, kinyesi hukusanyika mahali pamoja na matandiko mengine hubaki makavu. Hutolewa kwa chepe kila wiki au wiki mbili.

Viota vya kutagia hupangwa kwenye ukuta mrefu, kwenye giza kiasi. Kiota kimoja kwa matetea 5 kinatosha, kwa hiyo banda hili linahitaji vinne, kila kimoja sm 30 kwa 30 na kimo cha sm 35, vikiwa na ubao wa sm 10 mbele wa kuzuia nyasi na mayai. Sakafu yake iwe kwenye sm 50, yaani chini ya kimo cha fito. Sababu yake ni tabia ya kuku: jioni hutafuta mahali pa juu kuliko pote, na viota vikiwa juu ya fito atalala ndani yake na kuvichafua. Juu ya viota pawekwe ubao wa mteremko mkali, wasipate pa kutua. Mtu anayesimama mbele yake huona viota vyote kwa mkupuo na kuokota mayai bila kupiga magoti.

Kihori cha chakula cha urefu wa mita 1.2 kinacholiwa pande zote mbili huwapa kuku 22 zaidi ya sm 10 kila mmoja. Kikining'inizwa kwa kamba usawa wa mgongo wa kuku, chakula hakipekuliwi wala kuchanganyika na kinyesi. Maji ni takriban robo lita kwa kuku kwa siku, yaani lita 5 na nusu kwa kundi hili, na siku za joto kali huongezeka sana. Chombo cha maji kikae juu ya matofali mawili yaliyozungukwa na kokoto, maana mahali panapolowa kila siku ndipo ugonjwa wa kuhara damu unapoanzia.

Matandiko yanastahili uangalifu kuliko kitu chochote kingine ndani ya banda. Maranda ya mbao au pumba za mpunga hutandazwa kwa kina cha sm 10, na mapya huongezwa juu kadiri ya zamani yanavyochakaa. Kuku wenyewe huyageuza kwa kuparua, lakini reki ipite mara mbili kwa wiki pale yanapoganda. Ukavu wake hupimwa kwa kiganja. Gao moja hukamuliwa kisha mkono hufunguliwa: yakisambaratika taratibu ni mazuri, yakibaki donge yamelowa, yakiwa vumbi linalopeperuka yamekauka mno na huwakera kuku njia ya hewa. Vijidudu vya kuhara damu hutoka na kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kuambukiza. Vinahitaji unyevu, joto na hewa ili vikomae, na vikipata vyote hukomaa kwa siku moja au mbili tu. Matandiko makavu huvinyima sharti la kwanza, na hii ndiyo kinga ya bei ndogo kuliko dawa yoyote ya dukani.

Harufu kali inayochoma macho ni amonia. Pua ya mtu aliyezoea huacha kuitambua, kwa hiyo kipimo sahihi ni cha alfajiri, mara tu mlango unapofunguliwa, tena kwa kuinama hadi usawa wa kuku kwanza. Ikisikika, hewa haitoshi au kuna maji yanayoingia. Kuongeza maranda juu yake huficha tatizo kwa siku tatu tu. Matandiko yote hutolewa baada ya miezi minne hadi sita, au mara moja ugonjwa ukizuka, na hurundikwa yaive kabla ya kupelekwa shambani, maana mbolea mbichi ya kuku huunguza mimea.

Wadudu wa banda hawaonekani mchana. Utitiri mwekundu hulala katika maungio ya fito na kuta, hutoka gizani kunyonya damu, kisha hurudi. Dalili yake ni unga wa kijivu kama majivu ya sigara kwenye ncha za ufito, na matetea wenye upanga uliopauka wanaokataa kuingia jioni. Karatasi nyeupe ikipitishwa chini ya ufito usiku kwa mwanga wa tochi hutoka na michirizi myekundu. Papasi wa kuku ni sugu zaidi: hukaa kwenye nyufa za kuta za udongo na anaweza kuishi miezi mingi bila kula, kwa hiyo kuliacha banda tupu kwa wiki chache hakumwondoi. Nyufa zizibwe kwa lipu, kuta zipakwe chokaa nzito, fito zitolewe na kupigwa dawa iliyoelekezwa na afisa mifugo. Kwenye kona moja kavu pawekwe beseni la mchanga na majivu ya kuni. Kuku wataoga humo wenyewe na kujipunguzia chawa.

Hata banda bora halizuii mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kinga yake ni chanjo. Ile ya aina ya I-2, inayovumilia joto kiasi, hudondoshewa kuku tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu au minne. Hapa kimo cha banda hulipa: jioni, kuku wote wakiwa kwenye fito, watu wawili wenye tochi humaliza kundi zima bila kumkimbiza hata mmoja. Mlangoni kuwe na josho dogo la miguu lenye dawa inayobadilishwa kila siku au likichafuka, hasa kwa anayetoka mnadani.

Aliye na banda tayari hahitaji kulibomoa. Banda husema lenyewe linachohitaji. Mayai yenye kinyesi humaanisha viota viko juu mno au vichache. Doa la unyevu lisilokauka huonyesha bati linalovuja au chombo cha maji kilichowekwa vibaya. Kuku wanaolala wamejisonga kwenye wavu wa mlango hutafuta hewa. Manyoya yaliyosambaa chini ya fito ni alama ya msongamano, na udongo uliofukuliwa nje ya ukuta huonyesha ni wapi kicheche atarudi. Ukarabati uanze kwa paa, ufuate wavu, kisha hewa; fito na viota ni vya mwisho kwa sababu hurekebishwa kwa mbao chache na nusu siku ya kazi. Paa likiwa chini mno, nguzo mpya ndefu husimamishwa kando ya zile za zamani, bati zikahamishiwa juu, na pengo linalobaki likazibwa kwa wavu. Kizimba cha zamani cha kiunoni kisichomwe kuni. Kikitengwa hatua ishirini au zaidi kutoka kwenye banda, ni karantini inayofaa kwa kuku wapya, wakae humo wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Banda likiisha, saruji iachwe ikomae na rangi ikauke kabla ya kuku kuingia. Wahamishwe usiku, mmoja mmoja, wawekwe juu ya fito gizani, na wafungiwe humo siku nne au tano wakipewa chakula na maji ndani. Baada ya hapo wafunguliwe saa moja hivi kabla ya jua kuzama, njaa ikiwa bado inawavuta karibu. Wawili au watatu watarudi kwenye mwembe wao. Hao hushushwa na kupelekwa bandani kila jioni mpaka waache.